Mtamba wa Kitovu na Lenzi ya Abshir

Kosa la wengi wanaoanza kupiga picha ni hili: picha zikitoka mbaya wanakwenda kutafuta lenzi nyingine kabla ya kuitazama vizuri ile waliyo nayo. Katika safu hii ya ushauri nimepata barua za namna hiyo kutoka Nakuru, Machakos na Kitale, na nyingi nilizijibu kwa mistari minne. Hii ya Isiolo imenishinda kwa mistari minne. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mengine yote nimeyaacha kama kijana alivyoyaandika.

*

Kwako mshauri wetu,

Salaam aleikum. Nisamehe kwa kukuletea mambo ya kamera wakati wenzangu wanakuandikia mambo ya ndoa, lakini hapa kwetu sina mtu wa kumwuliza, na yule mmoja anayejua habari za lenzi ndiye anayetaka kuniuzia, kwa hiyo nimeona nikueleze yote tangu mwanzo ili unisaidie kuamua, kwa maana siku zinakwisha na mimi usingizi umenihama.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, Mborana, na ninakaa Kulamawe hapa Isiolo mjini pamoja na mama yangu Dahabo. Tuliingia mjini mwaka jana, 1984, ukame ulipomaliza ng'ombe wetu, tukaja baba, mama na mimi, na vyombo vichache, na kamera ambayo nilipewa na mwalimu wa kujitolea aliyetufundisha sekondari alipokuwa anarudi kwao, ikiwa na lenzi moja tu, ile ya kawaida ya milimita hamsini, na kijitabu chake cha maelezo. Kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine nilianza kupiga watu picha sokoni na kwenye arusi, na pia picha ndogo za kipande, yaani za kitambulisho, na mzee Mutuma, Mmeru mwenye studio karibu na stendi, akakubali kuniwashia taa yake nyekundu ya chumba cha giza na kunioshea filamu, na miezi ile ya kwanza picha zilitoka safi mpaka watu wa mtaa wa Bula Pesa wakawa wanakuja kuniulizia nyumbani.

Halafu zikaanza kuharibika, tena pole pole, hata sikujua zimeanza lini. Nyeusi ikawa kijivu, nyeupe ikawa inamwagika nje ya mstari wake, nyuso zikawa kama zimetazamwa kupitia maziwa yaliyotiwa maji. Nilifikiri ni dawa za Mutuma, lakini picha za wengine anazoziosha katika beseni lile lile zinatoka safi. Yeye mwenyewe hunicheka. Huniambia, "Wewe Sora, umande huu unautoa wapi? Isiolo haina umande hata wa kulowesha kidole!" Na siku moja mbele ya wateja alinyanyua picha yangu ya arusi akasema, "Njooni muone, huyu kijana alikwenda kupiga ukungu wa Meru, kwa bahati mbaya arusi ikapita mbele yake." Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini bwana arusi hakucheka, na tangu siku hiyo wateja wamepungua.

Usifikiri situnzi kamera. Mfuko wake wa ngozi ulipasuka zamani na vumbi la hapa unalijua, linaingia hata kwenye yai, kwa hiyo mama alinipa gorfa yake, kile chombo chetu cha maziwa cha kusukwa kwa nyuzi za mizizi, kikubwa, chenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana, maana alisema hana tena maziwa ya kutia humo na kitu cha thamani hakikai wazi. Kila juma anakitia vijiti vya moto na kukifukiza ndani kama alivyozoea, kisha anapaka mafuta kidogo ili kisikauke na kupasuka, anairudisha kamera yangu na kufunga. Hata chembe moja ya vumbi haiingii. Kwa hiyo najua kosa si utunzaji, ni lenzi yenyewe imezeeka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Baba hakuwa mtu wa picha, alikuwa akiiona kamera anasimama na kwenda kukaa upande mwingine. Lakini mwezi wa kumi na moja, akiwa amedhoofika sana, aliniita mwenyewe akasema, "Leta hicho chuma chako. Nipige nikiwa bado naweza kukaa wima." Alitoka nje akakaa kwenye lango la boma, kilemba kichwani, bakora magotini, na mimi nilikaa ndani ya boma nikielekea machweo ili anga iwe nzuri nyuma yake, nikampiga mara tatu. Baada ya siku tisa alifariki. Tulimzika siku hiyo hiyo, na kipande chake tukakirudisha ofisini tulipokwenda kuandikisha kifo, kwa hiyo hata ile picha yake ndogo ya serikali hatuna. Mutuma aliponipa zile tatu nilizitazama nikiwa nimesimama barabarani. Kilemba kipo, bega lipo, bakora ipo. Mahali pa uso pana weupe tu.

Mama alizishika, akazigeuza, akaniuliza, "Yuko wapi?"

Nikasema, "Ndiye huyu, mama."

Akasema, "Hiki ni kilemba. Mimi nilikiosha miaka thelathini, nakijua. Mume wangu yuko wapi?"

Tangu hapo mama hataki kamera imkaribie. Nikiitoa anavuta mtandio mpaka machoni na kusema, "Chuma hicho kimekula uso wa baba yako. Wangu hakitakula." Na mama naye anakwisha, mshauri. Amekonda mpaka pete imehama kidole. Mahindi ya manjano ya msaada tumbo lake linayakataa, anakula vijiko viwili anaweka sahani. Nilimpeleka hospitali, muuguzi mmoja akampima kila kitu akaniambia hana ugonjwa, ana njaa ya siku nyingi, apewe maziwa kila siku mwili utarudi. Maziwa gani, kwa kijana ambaye picha zake ni ukungu? Kwa hiyo ninaogopa kwamba mama atakwenda kama baba alivyokwenda, na nitabaki nimeshika mtandio mtupu kwenye karatasi.

Ndipo Abshir mwenye duka la vitambaa akanionyesha lenzi aliyoipata kwa dereva mmoja wa watalii, ya milimita mia mbili, ndefu kama chupa ya soda. Akanirushia macho akasema, "Warya, wewe Sora, kwa hii unamchukua mtu uso akiwa ng'ambo ya mto, naye hana habari." Maneno hayo yaliniingia. Asubuhi mama hukaa nje kuota jua, mtandio umeshuka mabegani, na kutoka nyuma ya ua wa jirani yetu Gababo ningeweza kumpiga bila yeye kujua, uso wote, safi. Abshir amesema atanishikia mpaka mnada wa kwanza baada ya Idd, kisha anaiuza Nanyuki.

Cha kununulia ninacho kimoja tu. Kwetu mtoto anapopewa jina baba humtolea mtamba, tunaita handura, yaani wa kitovu, na kila anayezaliwa na ng'ombe yule ni mali ya mtoto huyo, hata baba mwenyewe hawezi kumgusa. Wa kwangu walifika kumi na wanne. Amebaki mmoja, mtamba mwekundu, ana mimba ya kwanza, yuko malishoni upande wa Merti kwa mjomba wangu Golicha. Bei yake na bei ya lenzi zinakaribiana sana. Nilimtumia mjomba ujumbe kwamba Idd ikipita amlete mnadani hapa Isiolo, na yeye alikuja mwenyewe kunisikiliza kwa masikio yake. Nilitaka agombe. Hakugomba. Alisema, "Mnyama ni wako. Ulipewa ukiwa huna meno. Mimi nikisema neno juu yake nitakuwa mwizi." Nikamgeukia mama, naye alisema, "Uza. Maziwa nimekunywa ya kutosha maishani mwangu," akajilaza akaelekea ukutani.

Hakuna anayenikataza, mshauri, na hilo ndilo linaloniua. Wangenipigia kelele ningejua la kufanya. Niambie wewe: ninunue hii ya mia mbili au ningoje ya mia na thelathini na tano ambayo Abshir anasema huenda akaipata, na ninunue sasa au mtamba akishazaa, maana akizaa bei yake inapanda lakini lenzi itakuwa imekwenda na labda mama pia. Nimekufungia picha nne ujionee. Saa nyingine natamani ningeizika kamera hii pamoja na baba.

Mimi niliyeishiwa,
Sora, Isiolo

*

Waaleikum salaam, Sora. Pole kwa baba yako. Barua imenifikia siku ya kumi na moja tangu uiandike, na gazeti hili litakufikia zikiwa zimebaki siku chache kabla ya Idd, kwa hiyo nitasema kwanza lile la haraka, kisha nitakueleza sababu, maana kijana akiambiwa "usinunue" bila kuelezwa sababu hununua.

Usinunue lenzi ya Abshir. Wala usingoje ile nyingine. Lenzi yako haijazeeka, mwanangu. Imepakwa moshi.

Nilizipanga picha zako nne mezani kwa tarehe ulizoandika nyuma. Ya kwanza, ile ya wasichana wawili kisimani, ni kali kabisa, nimehesabu shanga. Ya pili ina utando mwembamba. Ya tatu, mwanga wa dirisha umekuwa kama pamba. Ya nne ni baba yako. Lenzi iliyovunjika au kulegea huharibu picha kwa siku moja. Ya kwako imeharibika juma kwa juma, sawasawa na idadi ya mara ambazo gorfa ilifukizwa. Kila juma moshi, kila juma mafuta, na kamera inarudishwa humo chombo kikiwa bado na joto na kifuniko kinachobana. Maziwa yangetoka humo matamu na yangekaa siku nyingi. Kioo kimetoka humo kama kioo cha kandili kisichofutwa.

Nikueleze jinsi utando ule unavyofanya kazi, kwa sababu ukielewa hutadanganywa tena na mwuza lenzi yeyote. Mwanga unaotoka kwenye kitu unatakiwa kupita katika kioo na kuangukia mahali pake kwenye filamu. Ukikuta mafuta na masizi hautulii. Unatawanyika, na ule uliotawanyika huangukia palipo na kivuli, ukapaosha. Sasa wewe ulimweka baba yako mbele ya machweo. Uso wa mtu aliyelipa jua mgongo uko kivulini wote. Kilemba kilikuwa cheupe, kikavumilia. Uso ulikuwa wa giza, ukafunikwa na mwanga usiokuwa wake. Hakuna chuma kilichokula uso wa mtu. Kioo kichafu na jua la mbele, basi.

Hakikisha mwenyewe leo mchana. Ifungue lenzi kutoka kwenye kamera, fungua tundu lake la kupitishia mwanga mpaka mwisho, ishike kuelekea anga upande usio na jua, utazame kupitia nyuma. Ukiona ukungu wa rangi ya chai hafifu, ndio huo. Kisha inuse. Ikiwa inanuka kama chombo cha maziwa cha mama yako, huna haja ya barua ya pili.

Kuisafisha kuna namna yake, na nakusihi usiifute kwa shuka wala kwa ncha ya shati, maana chembe moja ya mchanga wa Isiolo itachora mstari ambao hautatoka. Puliza vumbi kwanza kwa ile pampu ndogo ya mpira wanayouza dukani kwa dawa za masikio, ikiwa mpya na kavu. Chukua kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi mpaka kikawa laini, kilowanishe kwa spiriti kidogo sana, kitambaa kilowane na kioo kisilowane, ufute kwa duara kuanzia katikati kwenda nje bila kukandamiza. Sehemu ya kitambaa iliyokwisha kupita usiirudishe. Mafuta hayatoki mara moja, rudia. Fanya mbele na nyuma. Ikiwa baada ya hapo bado unaona utando, umeingia katikati ya vioo, na hapo usijaribu kuifungua kwa bisibisi ya baiskeli. Mpe mzee Mutuma aipeleke kwa fundi anaposafiri kununua karatasi na dawa Nairobi. Ujira wa fundi hauwezi kufika hata mguu mmoja wa ng'ombe.

Umeniuliza ya mia mbili au ya mia na thelathini na tano. Je, uliijaribu hiyo ya Abshir kwenye kamera yako? Hukusema. Kamera nyingine hushika lenzi kwa skrubu, nyingine kwa kuzungusha na kufunga, na ya aina moja haiingii kwenye nyingine hata ukiiombea dua. Lenzi iliyokuwa ya mtalii huenda isikae kabisa kwenye kamera ya mwalimu wako. Tuseme inakaa. Lenzi ndefu hukuza kila kitu, na mtetemo wa mkono wako pia unakuzwa. Inataka kasi kubwa ya kufyatua, na kasi kubwa inataka mwanga mwingi, na tundu la lenzi hizo ni dogo, kwa hiyo kwenye kivuli, ndani ya nyumba na kwenye arusi za jioni itakuwa ya kuning'iniza shingoni tu. Inafaa twiga. Wateja wako si twiga. Na tuseme hayo yote umeyashinda: ukitoka dukani ungeipeleka wapi ilale? Kwenye gorfa ile ile. Kufikia Maulidi ungekuwa na lenzi mbili zenye ukungu na huna ng'ombe.

Sasa nikugombeze, kwa kuwa umeandika kwamba hakuna aliyekugombeza.

Muuguzi amekuambia dawa ya mama yako ni maziwa. Maziwa hayo yapo, yako tumboni mwa mtamba mwekundu huko upande wa Merti, yanangoja miezi tu. Wewe unataka kumpeleka mtamba huyo kwa wachinjaji ili upate kifaa cha kumpiga mama yako picha akiwa anakufa kwa kukosa maziwa. Soma sentensi hiyo tena. Mimi nimeiandika mara tatu nikitafuta namna ya kuilainisha, na haikubali.

Na namna yenyewe ya kuipiga hiyo picha! Ujifiche nyuma ya ua wa Gababo umnyemelee mama yako mzazi kama mtu anayewinda digidigi. Amekuambia wazi kwamba hataki. Amejifunika mbele yako ili uelewe. Uso ni wake, kama mtamba alivyo wako. Mjomba Golicha aliheshimu kilicho chako hata alipokuona unapotea, na wewe heshimu kilicho cha mama. Picha ile ungeipata ungeificha wapi? Ungemwonyesha? Akikuuliza ulisimama wapi ungesema nini?

Unasema hakuna anayekukataza. Huwasikii vizuri. Mjomba hakutuma jibu kwa dereva. Alisafiri njia yote ile ya vumbi, katika mwezi wa kufunga, akakaa mbele yako. Mtu asiye na la kusema hafanyi safari hiyo. Desturi imemfunga mdomo, lakini haikumfunga miguu. Na mama yako aliposema "uza" akaelekea ukutani, aliuza nini pale? Alijiuza mwenyewe, ili usiseme kesho kwamba tumbo lake lilikunyima kazi. Wazazi wetu wana tabia hiyo, na sisi watoto wao tuna tabia mbaya ya kuwaamini.

Kuna jambo moja ambalo limenichukua muda kuliko lenzi zote: je, umwambie kwamba ni moshi wake? Nimelipima, na nasema usimwambie. Hana kosa. Alikuwa na chombo kimoja kizuri, kitupu, akakitunza kana kwamba ng'ombe watarudi kesho, akaweka humo kitu cha mwanawe na kukifanyia yale yale aliyofanyia chakula cha watoto wake maisha yake yote. Wewe ndiye uliyesoma kijitabu cha kamera. Ukurasa wa mwisho wa kila kijitabu cha kamera duniani unasema weka mbali na moshi na mafuta. Kosa ni lako, libebe peke yako, kimya. Mrudishie gorfa na umwambie itahitajika mtamba akizaa, basi. Kamera itie kwenye debe la chai lenye kifuniko, umeifunga kwa kitambaa safi, na iwe mbali na meko.

Kuhusu uso wa baba yako sitakudanganya. Nimeutafuta kwenye picha uliyonitumia, kwa kioo cha kukuzia, karibu na dirisha, kwa muda mrefu. Kwenye karatasi ile haupo. Lakini karatasi si filamu. Zipeleke negativu zote tatu kwa mzee Mutuma, umwombe azichape kwenye karatasi ngumu, ile inayotenganisha sana nyeusi na nyeupe, si ile laini anayotumia kwa arusi, na aupe ule upande wa uso muda mrefu zaidi wa mwanga kuliko pembeni. Atajua ninachosema, mwambie pia apumzishe mizaha siku hiyo. Huenda ukapata ndevu. Huenda ukapata kivuli cha jicho moja. Huenda usipate kitu, na hapo itakubidi ukubali kwamba uso ule sasa uko kwako na kwa mama yako tu, na utaendelea kufifia kama nyuso za waliokufa zilivyofifia kwa watu wote kabla kamera hazijakuja. Ni jambo la kuumiza. Sina dawa yake, na Abshir pia hana.

Na mama yako huenda asikubali kupigwa picha kamwe. Usimwombe. Lenzi ikishakuwa safi wapige majirani asubuhi na mapema, au kwenye kivuli cha ukuta, jua likiwa nyuma yako na si mbele, ukiwa umeikinga lenzi kwa karatasi nyeusi ili mwanga wa pembeni usiingie. Zilete picha nyumbani, ziweke anapokaa, nenda zako. Aone mwenyewe watu anaowajua, na nyuso zao ziko mahali pake. Akitaka atasema. Asipotaka, utakuwa na mama asiye na picha, na hiyo ni afadhali mara elfu kuliko picha isiyo na mama.

Siku ya kununua lenzi itakuja, na utaijua hivi: uwe na kioo safi, uwe umesogea kwa miguu yako mpaka miguu imekataa, na picha ile ile iwe imekushinda mara nyingi kwa sababu ile ile. Kwa kazi yako nadhani itakuwa kwenye arusi, pale unapobanwa na ukuta mgongoni na nusu ya wageni wanabaki nje ya picha. Basi utakayoihitaji ni fupi, ya milimita thelathini na tano au ishirini na nane, kinyume kabisa cha ile ya Abshir. Lakini hayo ni ya mwaka mwingine, ununue kwa kazi ya mikono yako na si kwa kitovu chako.

Abshir anaweza kungoja jibu lake, au aende Nanyuki. Mjomba wako ni mtu wa neno, na neno alilo nalo mkononi sasa ni lile ulilompa: Idd ikipita, amlete. Atamleta.

Kwa hiyo leo, kabla ya adhana ya magharibi, nenda pale malori ya Merti yanapopakia, mtafute dereva unayemwamini, na umpe maneno haya amfikishie Golicha: mtamba asiletwe mnadani.